Jinsi ya kumkumbuka mtu aliyejitolea mtaani, asiishie kwenye wasifu wa dakika 3

Nianze na msiba wetu wenyewe ndo mtaelewa kwa nini naandika haya. Mama mkubwa wangu alikaa Pasua hapa Moshi zaidi ya miaka 30, na karibu muda wote huo alikuwa mhudumu wa kujitolea, anazungukia wagonjwa majumbani, wa kifua kikuu, wa ukimwi, wazee waliopooza, wamama waliojifungua na hawana mtu wa kuwapikia. Mshahara hakuna, labda posho ya semina mara moja moja. Alipofariki tukampeleka Kibosho kumzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kama desturi, watu wakajaa mpaka kwenye migomba, halafu ikafika zamu ya wasifu. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akafunga ndoa, akajaliwa watoto 5 na wajukuu 11, alianza kuumwa mwezi wa nane, marehemu alikuwa mcheshi na mpenda watu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Dakika 3 imeisha. Na huo wasifu niliuandika mimi, usiku, kwenye simu, nikiwa nimechoka.

Nyuma ya turubai walikuwa wamesimama watu waliokuja na Hiace 2 kutoka Pasua. Kuna dada alikuwa na mtoto mgongoni, analia mpaka akashikwa asianguke, na kwetu hakuna hata mmoja aliyejua ni nani. Salamu zikatolewa za ukoo, za wakwe, za jumuiya, za serikali ya mtaa, wao hawakuitwa. Wakaweka maua, wakapanda Hiace zao wakarudi.

Iliniuma na bado inaniuma. Tulikuja kurekebisha baadaye, kwenye arobaini na miezi iliyofuata, kwa hiyo haya ninayowaambia sisi tuliyafanya kwa kuchelewa, nyie myafanye mapema, na kama mtu wenu bado yuko hai basi ndo vizuri zaidi anzeni leo.

Anzia jikoni

Wanaomjua mtu wa kujitolea hawakai viti vya mbele. Viti vya mbele ni vya wakwe na viongozi. Wenye habari zake wako kule nyuma wanakomenya ndizi, wako kwenye moto usiku na wanaume wanaolala msibani, wako kijiweni kwa bodaboda, wako dukani kwa mangi alikokuwa anakopa sukari ya kumpelekea mgonjwa. Kwa hiyo chagueni mtu mmoja wa familia, mpeni daftari na simu yenye chaji na kazi yake iwe hiyo tu, msimwongezee na kazi ya kutafuta viti na kupokea wageni kwa sababu hatafanya hata moja.

Sasa namna ya kuuliza. Ukimuuliza mtu "alikuwaje?" atakwambia alikuwa mtu wa watu, mkarimu, mcha Mungu. Hadanganyi, ila maneno hayo yanasemwa kwenye kila msiba kuanzia Himo mpaka Usa River na yakishasemwa humwoni mtu. Uliza hivi: siku ya kwanza alipofika kwako kulikuwa na nini? Alikuja na nini mkononi? Alikaa wapi? Alianza kusema nini? Mtu akishaanza kujibu hayo anarudi kwenye ile siku yenyewe, na wewe unarudi naye, usimkatize hata akinyamaza, mwache anyamaze.

Kuna kijana fundi seremala alitusimulia hivi, na ametukubalia tulisimulie bila jina lake. Alikuwa na TB, amelala kwenye chumba cha kupanga, hana nguvu. Mama akaja saa 12 asubuhi na ile chupa yake ya chai yenye rangi ya kijani, yenye mfuniko umepasuka ukafungwa na mpira wa baiskeli. Yeye akajua chai kumbe uji. Akamiminiwa kikombe akaambiwa kunywa kwanza. Alipomaliza akaulizwa taratibu kabisa, mwanangu, jana mkojo ulikuwa rangi gani? Yeye alishangaa. Kumbe moja ya dawa za kifua kikuu, rifampicin, inabadilisha mkojo unakuwa wa rangi ya machungwa, kwa hiyo mama alikuwa anajua dawa zimemezwa au zimewekwa chini ya godoro, bila kumuuliza mtu "umekunywa dawa?" kama anamtuhumu. Matibabu yenyewe ni miezi 6, na hatari iko pale mtu anapopata nafuu miezi ya mwanzo akaona amepona akaacha. Yule kijana alipata nafuu, akataka kuacha, na chupa ya kijani ikaendelea kuja asubuhi mpaka miezi 6 ikaisha.

Ile chupa sisi tumeiona kabatini maisha yetu yote. Tulijua ni ya kwenda nayo shamba.

Kwenye kurekodi, omba ruhusa kwanza, na mtu akisema hapana basi ni hapana. Weka simu kwenye ile alama ya ndege ili isipigwe katikati ikakata, kaa mbali na spika za kwaya, simu iwe karibu na mdomo wa msimuliaji sio mbele yako wewe. Ukimaliza andika hapo hapo kwenye daftari nani, lini, wapi, kwa sababu baada ya wiki 2 una sauti 20 na hujui ipi ni ya nani. Kisha tuma nakala kwa watu wawili wengine, mmoja awe anakaa mkoa mwingine. Simu zinaibiwa, simu zinaingia maji, na wasimuliaji wengi ni wazee nao wanaondoka.

Picha za zamani msizibandue kwenye zile albamu za gundi, zinachanika. Piga picha na simu ukiwa kivulini, mlangoni ni pazuri, jua lisiwake moja kwa moja na flashi izimwe. Geuza na nyuma upige pia kama inatoka, mara nyingi kuna tarehe na majina yameandikwa kwa kalamu.

Wasifu wenyewe

Ratiba ya mazishi huwa inachapwa steshenari siku moja kabla, ikishachapwa kubadilisha ni vita. Kwa hiyo ongea na kamati mapema, omba vitu viwili tu: dakika 7 za wasifu badala ya 3, na nafasi moja ya salamu kutoka kwa watu aliowahudumia. Ukiomba dakika 20 watakunyima zote. Na padri au mchungaji mwambie mapema, wengi ukiwaeleza vizuri wanakubali, wanachoogopa ni ratiba kuvurugika watu wazike giza linaingia.

Ukikaa kuandika, kuzaliwa, shule, ndoa na watoto viweke kwenye aya moja, inatosha. Ugonjwa wa mwisho sentensi moja. Muda unaobaki wote upe kazi yake, na hiyo kazi isielezwe kwa sifa, ielezwe kwa matendo. Mimi niliandika "alipenda kusaidia wagonjwa". Ningeandika leo ningeandika: "Kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka akiwa na chupa ya uji, akapita Pasua, mvua inyeshe isinyeshe, na alirudi saa 3 akiwa bado hajanywa chai." Hapo hata mtoto anamwona. Kama hujui siku alizokuwa anatoka, kaulize, jirani anajua, mwenye geti anajua.

Wekeni na historia ya wakati wake, lakini kidogo. Mfano mtu aliyeanza kuhudumia wagonjwa wa ukimwi miaka ya 90 alianza kabla dawa hazijawafikia watu wa kawaida, kwa sababu serikali ilianza kutoa ARV bure mwaka 2004. Kabla ya hapo mhudumu alikuwa anaenda kuosha mgonjwa, kumgeuza, kumlisha, akijua huyu atamzika, na kesho anaenda kwa mwingine. Vijana waliozaliwa baada ya hapo hawawezi kuelewa ukubwa wa kazi hiyo kama hamjawaambia huo mwaka. Hivyo hivyo kwa waliohudumia wenye TB, mkoa wetu una hospitali ya Kibong'oto kule Siha inayotibu kifua kikuu tangu 1926, wagonjwa wanatoka mbali kuja huku, lakini dawa zinamezwa nyumbani miezi na miezi, na huko nyumbani ndo mhudumu anakohitajika.

Soma kwa sauti kabla ya siku yenyewe. Mpe asome mtu ambaye hatalia kwenye mstari wa pili, anaweza asiwe wa familia.

Siri zake

Hapa ndo naomba mnisikilize sana.

Siku ya 4 baada ya mazishi tulikuwa tunapanga vitu vyake, dada yangu akatoa kauntabuku chini ya nguo, limefungwa na kamba ya kitenge. Ndani kuna mistari kwa kalamu ya bluu, majina, namba za nyumba au maelezo kama "nyuma ya kisima mlango wa pili", tarehe, na alama ndogo ya nyota kwa baadhi ya majina. Zile nyota tulizielewa baada ya kurasa chache. Mimi kwa furaha nikachukua simu nipige picha niwarushie ndugu kwenye grupu la wasapu waone kazi ya mama. Dada akaufunika mkono wangu kwa mkono wake, akasema hawa watu wako hai.

Na kweli. Mle ndani kuna watu tunaowajua, tunakutana nao sokoni. Mama mkubwa alikaa na majina hayo miaka yote, hakuwahi kumwambia hata mume wake. Kuyatoa nje ili yeye asifiwe ni kubomoa alichokijenga, na sio suala la adabu tu, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, halafu sasa kuna na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. Kifo cha mhudumu hakifungui siri za mgonjwa.

Tulichofanya sisi: tulikaa watu wawili tu, mlango umefungwa, tukahesabu kaya bila kunakili jina hata moja, zikafika 214. Hiyo namba ndo tuliyoitangaza kwenye arobaini. Daftari lenyewe tukamrudishia msimamizi wake kwenye zahanati aliyekuwa anafanya naye kazi, kwa mkono, sio kwa kutuma mtu. Kama mhudumu wenu hakuwa na msimamizi, na hakuna mgonjwa anayeendelea na dawa anayetegemea hilo daftari, basi chomeni, wawili mkishuhudia.

Na mkitafuta wasimuliaji, msiwafuate aliowahudumia. Tangazeni tu kwamba anayependa kusema neno aje kwa fulani, anayetaka kuja atakuja mwenyewe. Usimwendee mtu mlangoni ukamwambia "tulisikia mama alikuwa anakuja kwako", majirani wanaona nani anabisha hodi. Kuna watu hawakuja kabisa kwenye shughuli yetu na wala sihitaji kujua kwa nini. Picha pia, ukikuta picha yuko na mgonjwa kitandani hiyo haiendi kwenye bango wala kwenye tisheti, hata kama yeye ametoka vizuri.

Shughuli ya mtaani

Sisi Wachaga tunazika kihambani, na ni vizuri, lakini aliowahudumia wako mjini na nauli ya kwenda na kurudi sio kila mtu anayo. Kwa hiyo misa ya arobaini tukafanya nyumbani Kibosho na ndugu, halafu Jumamosi iliyofuata tukafanya kitu kingine Pasua, kule alikokuwa anatembea. Ongea na balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa wiki 2 kabla, sio kwa ajili ya kibali tu, wao wanajua mambo mengine hamyajui, mfano balozi wetu ndo alituambia mama alikuwa akilipia watoto wawili daftari na sare kila Januari.

Msikodi turubai kubwa. Msichapishe tisheti 100. Hela hiyo ina kazi nyingine.

Siku hiyo fanyeni kazi, yaani kazi aliyokuwa akiifanya yeye. Huku kwetu si jambo geni, kuna msaragambo, watu wanatoka na majembe asubuhi wanazibua mfereji au wanatengeneza njia, na hata ile mifongo ya zamani iliyoshusha maji ya mlima vihambani, mingine mpaka leo inatajwa kwa ukoo wa aliyeuchimba. Mtu anakumbukwa kwa maji yanayopita. Sisi asubuhi tulisafisha nyumba ya bibi mmoja asiyeona, tukaziba bati, tukachota maji, watu 30 hivi, wengine sikuwajua. Saa 5 tukakaa chini ya mwembe tukala mtori, na hapo ndo yule dada wa mtoto mgongoni akasimama, akasema jina lake mwenyewe bila kuombwa, akasema huyu mtoto alipozaliwa mama ndo alikata kitovu kwa sababu gari halikufika. Mtoto anaitwa kwa jina la mama mkubwa wangu. Nimekaa Moshi hii hii miaka 3 tangu azaliwe na sikujua kama kuna wajina wa mama kule Pasua.

Kama mtu wenu alikuwa wa kuhamasisha damu, au alifariki akiwa ameongezewa damu sana, fikirieni kuchangia damu siku hiyo. Kituo cha damu salama cha kanda ya kaskazini kiko hapa Moshi, mkijipanga kikundi mkawasiliana nao mapema mtapewa utaratibu. Mchangiaji awe na umri kuanzia miaka 18 na uzito kuanzia kilo 50, mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya 4. Ale kwanza, anywe maji, asije na njaa ya msibani. Tarehe nzuri za kurudia kila mwaka ni Juni 14, siku ya wachangia damu duniani, au Desemba 5 ambayo ni siku ya kimataifa ya watu wa kujitolea, kama tarehe ya kifo inawaumiza.

Hela na "taasisi"

Machozi yakiwa bado, kuna mtu atasema tuanzishe mfuko wa kumuenzi, tuusajili, tutafute wafadhili. Nia nzuri kabisa. Ila nimeona zinavyoisha, michango inakusanywa kwenye simu ya mtu mmoja, mwaka unapita, ndugu hawasalimiani na jina la marehemu limeingia kwenye ugomvi. Sisi pia kuna shirika lilitaka kuweka picha ya mama kwenye bango lao wakati alipokuwa hai hata nauli hawakumpa, tukakataa, na msione aibu kukataa.

Subirini mwaka. Chagueni kazi moja ndogo kati ya alizokuwa anafanya, ifanyeni miezi 12 bila jina na bila akaunti. Mkiweza, ndo mwende kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mkajiandikishe kama kikundi, muwe na katiba na mtunza hazina ambaye sio mwenyekiti na sio mume wa mwenyekiti. Mkishindwa hakuna aliyedhulumiwa.

Kitu cha kubaki

Mti ni mzuri kuliko bango, rangi ya bango inapauka. Pandeni mringaringa au mruka, miti ya kwetu, masika inapoanza mwezi wa 3, msipande kiangazi ili mradi mmepiga picha. Zungusheni miiba kuzuia mbuzi na mpangane nani anamwagilia mvua ikikata. Kaburini sisi tulipanda masale, ambayo kwetu Wachaga ni ya kuombea msamaha, na mimi binafsi nililipanda moja kwa mkono wangu kwa sababu ya ule wasifu.

Wasifu mpya nimeuandika, kurasa 4, tumechapa nakala 15, kila mtoto wake amepata moja na moja imewekwa kwenye bahasha ya nailoni ndani ya biblia yake. Majina ya wagonjwa hayamo.

Kazi tuliyoichagua ni uji. Tuko 6, tunapeana zamu Jumamosi, nyumba 3 tu ambazo zahanati imetuelekeza na wenyewe wamekubali tuingie. Unga ni wa ulezi, unakorogwa saa 10 na nusu usiku ili saa 12 uwe umefika, na mfuniko wa ile chupa ya kijani bado umefungwa na mpira, hakuna aliyetaka tununue nyingine.